Ukanda wa Kukomesha Mkoromo

Mama Pindo alikuwa anakaza kikulabu cha tatu kwenye ukanda wa pamba kwa sindano ya mkono, uzi kaubana kwa meno, na sikio moja kaliacha mlangoni mwa chumba cha kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeshafika juu ya cherehani, na mumewe alikuwa katikati ya usingizi wake, kwa kuwa alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Aliingia kazini watu wakienda kulala, akarudi wakiamka. Mkewe naye wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake kabla hajaipindua na kulikagua pindo lake, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni akihema kwa haraka.

Chumbani mkoromo ulikuwa umepamba moto. Kule kiwandani walimbatiza mumewe jina la Trekta tangu siku aliposinzia chumba cha mapumziko na watu wakatoka nje kuangalia gari gani limekuja kupakia mikate. Jina hilo Mama Pindo hakulitumia hata mara moja, lakini hakuwahi kusema kwamba si la haki.

Mkoromo wenyewe haukumsumbua. Miaka yote hiyo alishona akiusikia, mguu wake juu ya kanyagio ukienda nao sambamba. Kilichomnyima raha ni pale ulipokatika. Ulipanda, ukapanda, halafu kimya. Si kimya cha mtu aliyegeuka ubavu. Kimya cha mtu ambaye hayupo. Mguu wake nao ulisimama. Alikaa hivyo, kitambaa chini ya sindano, mpaka chumbani mtu avute hewa kwa kishindo kama aliyetolewa ndani ya maji, na trekta liwake upya. Hapo ndipo naye alipopumua.

"Hodi hapa! Bado hujamaliza tu?"

Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kujaza ukumbi hata anaponong'ona. Aliingia, akavua viatu, akakaa juu ya rundo la sketi za shule zilizokuwa zikisubiri zipu.

"Wifi, umekalia kazi ya watu."

"Nazipiga pasi, ushukuru." Akanyoosha shingo kuelekea chumbani. "Msikilize. Na marehemu baba alikuwa hivyohivyo. Nyumba nzima tulikuwa tunajua saa ngapi amelala."

"Na alikufaje?"

Wifi alichukua ule ukanda mapajani mwa Mama Pindo, akaunyoosha. "Usingizini," alisema. "Ndiyo maana silali mimi kwa ajili ya huyu mdogo wangu. Haya, nionyeshe mashine yako."

Kusema kweli, dawa zote zilizopita zilikuwa za wifi, na zote alizileta kwa mapenzi. Kwanza yalikuwa mafuta ya kupikia, matone mawili kila tundu la pua kabla ya kulala. Mgonjwa alikohoa siku mbili mpaka macho yakawa mekundu. Kisha ikaja beseni ya maji ya moto, majani ndani yake na blanketi juu ya kichwa. Hiyo ingekuwa nzuri kama si kwamba mtu aliyeinamia beseni alikuwa ni yuleyule anayesinzia hata akiwa anafunga kamba za viatu. Alilala humohumo ndani ya blanketi, beseni ikapinduka, na goti lake mpaka leo lina baka. Ikafuata plasta ya kubandika mdomoni, ambayo wifi aliiona kwenye simu, watu wazuri wazuri wameibandika na kuamka wanatabasamu. Plasta ile iliondoka na nusu ya sharubu.

Na hapo Mama Pindo, fundi mwenyewe, akaingilia kati. Alimwambia wifi yake kwamba shida si wazo, shida ni gundi. Kitu cha kufunga mdomo kinatakiwa kiwe cha pamba, chenye lastiki laini, kipite chini ya kidevu na mbele ya midomo, kisha kifungwe nyuma ya kichwa. Hajasomea popote ushonaji. Alijifunza kwa kufumua nguo za watu na kuzirudishia. Akipewa tatizo, huligeuza kwanza likawa nguo.

"Vikulabu viwili vingetosha," alisema sasa, akikata uzi. "Lakini akigeuka geuka vitafunguka. Nimetia vitatu."

"Tia na cha nne. Kichwa cha ukoo wetu ni kama mpira, hakishiki kitu."

Alitia na cha nne. Alivuta kwa nguvu zote, ukanda haukuachia. Akaupindua, akaukagua pindo, akaridhika.

*

Kesho yake mumewe alirudi saa moja asubuhi, unga umemjaa kope na matundu ya pua, akala amesimama, akaoga, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Fundi, hiki ni cha binadamu au cha farasi?"

"Tulia."

"Nikitaka kusema jambo?"

"Utaliandika."

Alicheka. Ukanda ulimkaa vizuri kuliko hata Mama Pindo alivyotarajia. Haukujikunja, haukubana shavu. Alimfunga vikulabu vyote vinne, akamgeuza ubavu, akaenda kwenye sketi zake. Na kweli, mkoromo uliotoka chumbani ulikuwa mdogo, wa kupitia puani, kama paka. Mama Pindo alitia zipu ya kwanza, akatia ya pili. Alijisikia jinsi mtu anavyojisikia nguo ngumu inapokubali kukaa mwilini mwa mteja.

Katikati ya zipu ya tatu, kimya.

Mguu wake ulisimama. Alisubiri kile kishindo cha hewa. Badala yake alisikia kitanda kikigonga ukuta, mara moja, mara mbili, halafu glasi ikaanguka.

Alimkuta ameketi, macho yamemtoka, mikono yote nyuma ya kichwa ikipapasa vile vikulabu. Pua ilikuwa imeziba kabisa. Shingo imevimba mishipa. Mama Pindo alijaribu kufungua, na vidole vyake, vidole hivyo vilivyofunga maelfu ya vikulabu, havikuweza, kwa kuwa mtu anayehangaika huvuta, na alikuwa ameviweka makusudi ili vikivutwa vizidi kukaza. Alikuwa ameshona kama ashonavyo gauni la sherehe: lifungwe na mtu mwingine kwa nyuma, kwa utulivu, na lisiachie. Hakufikiria hata kidogo kwamba mvaaji wa huu atataka kutoka ndani yake peke yake, na kwa haraka.

Alikimbia, akarudi na mkasi, akaupitisha chini ya shavu, akakata.

Hewa iliingia kwa sauti ambayo hakutaka kuisikia tena. Walikaa sakafuni, wote wawili, yeye kashika mkasi bado. Kwenye shavu la mumewe palikuwa na mchirizi wa damu, si mkubwa.

"Basi," alisema mumewe alipoweza. "Leo ulitaka kunishona moja kwa moja."

Mama Pindo alijaribu kucheka, kikatoka kilio.

*

Wifi alipofika mchana na kuambiwa, aliuokota ukanda uliokatwa, akaukunja mara mbili, akaufungua, akaukunja tena.

"Mimi ndiye niliyesema cha nne."

"Na mimi ndiye niliyekitia, wifi. Tusigombanie."

"Ningemuua mdogo wangu kwa ajili ya kitu cha kwenye simu."

"Hujamuua. Yuko uani anakunywa chai na kusema ana njaa." Mama Pindo alimwondolea ukanda mkononi. "Hata mimi niliuona mzuri. Na ndio ulikuwa mzuri, hapo ndipo nilipokosea. Dawa zetu zote tumezifanya za kuua kelele. Kelele siyo inayonitisha."

Jioni ile walimkabili kwa pamoja. Aende kituo cha afya. Mwenyewe aligeuka jiwe.

"Niende nikaseme nini? Daktari, nina kelele? Wake za watu wote wanalalamika hivyo."

"Unakatika pumzi," alisema mkewe.

"Nani kaona? Mimi nikilala nalala, nikiamka naamka."

"Na unaamka umechoka kuliko ulivyolala," alisema wifi. "Juzi umesinzia na kijiko mdomoni."

"Dada, sikiliza." Alishusha sauti. "Nikienda wataandika barua. Barua ikifika kiwandani, nani atamwacha msinziaji mbele ya tanuri? Nimekaa na tanuri lile miaka kumi na tisa. Wakinitoa pale, unga wangu umemwagika."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akachukua kofia yake, akaenda kazini.

Mama Pindo hakubishana naye. Hakuwa mtu wa kubishana. Neno likimshinda huliacha, akatafuta njia ya kulipima. Asubuhi, mumewe alipolala, safari hii bila ukanda wowote, na mpira mdogo umeshonewa kwenye mfuko mgongoni mwa fulana ili akilala chali umfinye, alitafuta kipande kirefu cha kitambaa cheupe na kutia uzi mwekundu kwenye cherehani. Sketi za shule alizisogeza pembeni.

Mguu wake alikuwa anaujua. Akishona mstari ulionyooka, haukimbii wala haulegei; wateja walisema ukimtazama miguuni utadhani anasubiri basi. Mkoromo ulipopanda, alikaa tayari. Ulipokatika, akaanza kushona. Hewa iliporudi, akasimamisha mguu na kukata uzi. Kilipokuja kimya kingine, alianza mstari mwingine chini yake. Mingine ilikuwa mifupi, urefu wa kidole. Mingine ilikwenda, ikaenda, mpaka moyo wake ukawa unakimbia kuliko sindano, lakini mguu aliulazimisha ubaki palepale. Mumewe alipojigeuza akaukwepa mpira na kulala chali, mistari ikawa mirefu zaidi. Alipogeukia ubavu ikafupika, lakini haikuisha.

Kwa muda wa saa moja nzima alishona hivyo. Alipohesabu, mistari ilikuwa ishirini na sita.

Mumewe aliamka alasiri, akakuta kitambaa kimetandazwa juu ya meza.

"Hili nalo ni vazi gani?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Kila mstari ni muda uliokaa bila pumzi. Naanza ikikatika, naacha ikirudi. Hiyo ni saa moja tu, nami nilikwenda chooni mara moja."

Alikiangalia kutoka juu mpaka chini. Alikuwa mtu wa kazi. Mtu ambaye maisha yake yote alijua mkate umeiva kwa kuangalia na kugusa, si kwa kusimuliwa. Kidole chake kilipita juu ya mstari mrefu kuliko yote, shubiri mbili kasoro vidole viwili.

"Umetia chumvi hapa."

"Kaa." Alivuta kiti karibu na cherehani. "Nitaushona tena huo huo, mwendo uleule. Wewe zuia pumzi. Nikifika mwisho, pumua."

"Hilo tu?" Alikaa, akavuta hewa mpaka kifua kikajaa.

"Hapana. Itoe kwanza. Ukiwa umelala hukatika ikiwa imeshatoka."

Aliitoa. Alibana pua kwa vidole viwili, mzaha bado umo machoni. Mama Pindo akaanza.

Cherehani ilikwenda taratibu. Wifi, aliyekuwa ameingia wakati huo na kunyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisimama mlangoni. Robo ya mstari, mzaha ulikuwa umeshatoka machoni. Theluthi, alianza kutikisa goti. Hata nusu hawajafika, alifungua mdomo, akavuta hewa kwa kishindo kilekile alichokuwa hakijui, kwa kuwa hajawahi kukisikia akiwa macho.

Mkewe hakusimamisha mguu. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, na ule muda uliobaki wote watatu waliusikiliza. Ulikuwa mrefu.

"Mara ishirini na sita," alisema mumewe.

"Katika saa moja."

Aliweka mkono juu ya kifua. Halafu akasema, kama anayeomba shati, "Kituo cha afya kinafungwa saa ngapi?"

*

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, miwani kaisukuma kwenye nywele. Alisikiliza kwanza habari yote, mafuta, beseni, plasta na ukanda, bila kushtuka wala kumkemea mtu. Wifi ndiye aliyesimulia, na sehemu zake hakuzipunguza.

"Mlimpenda vibaya," alisema daktari mwisho wake, kwa upole, "lakini mlimpenda. Mafuta yakiingia puani mtu amelala, yanaweza kushuka mpaka kwenye mapafu. Mvuke hauna ubaya mkubwa ukiwa bafuni mlango umefungwa. Beseni ya moto mapajani kwa mtu anayesinzia ndiyo hatari. Na mdomo msifunge. Huyu pua yake imejaa vumbi la unga. Mdomo ndio mlango wake wa dharura."

"Na mpira wa mgongoni?" aliuliza Mama Pindo.

"Huo mwacheni nao. Kulala ubavu kunasaidia. Hautamponya, ila hautamdhuru."

Kisha akakiona kitambaa. Alielezwa. Akashusha miwani.

"Mguu wako unakwenda kwa kasi gani?"

Mama Pindo hakujua kujibu hilo. Daktari akaangalia saa ya ukutani, akamwambia aupige sakafuni kama anavyoshona. Alipiga. Daktari akahesabu dakika nzima, akamwambia apumzike, kisha apige tena. Mara zote mbili hesabu ilitofautiana kwa pigo moja tu. Alichukua rula, akauliza kila pigo hushona urefu gani, akapima mistari mmoja mmoja na kuandika, akisogeza midomo.

"Huu mrefu ni kama sekunde arobaini," alisema. Akamgeukia mume wa Mama Pindo. "Mzee, koo lako linajifunga ukilala. Ubongo unakuamsha kidogo ili upumue, unalala tena, linajifunga tena. Ndiyo maana usingizi haukupi kitu. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo mpaka ukapimwe hospitali kubwa, ulale na vipimo mwilini. Yawezekana watakupa mashine ya kusukuma hewa kupitia pua. Si jambo la kukawia. Moyo unabeba mzigo kila pumzi inapokatika."

"Baba yetu..." wifi alianza, asimalize.

"Huenda," alisema daktari. "Huenda si hiyo. Sikumwona. Huyu ninamwona."

Alimwandikia rufaa, dawa ya kusafisha pua, na siku nne za kupumzika. Kalamu ikiwa bado hewani akauliza kazi yake ni ipi. Mumewe alitazama sakafu.

"Niko kwenye tanuri."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Daktari aliacha kalamu mezani. "Hilo mimi siliandiki bila wewe kutaka. Lakini usirudi mbele ya moto kabla hujapimwa. Uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Itakaa vizuri zaidi."

*

Kwa mdomo hakuweza. Alijaribu mbele ya mke wake mara tatu, kana kwamba ndiye msimamizi, na kila mara alimaliza kwa kuuliza kama mfanyakazi mwingine atapunguziwa saa za kazi. Kwa hiyo siku ya pili ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye meza ya kukatia nguo na karatasi mbele yake. Wifi alikaa upande wa pili akiwa amejipa cheo cha karani.

"Andika: Kwa Msimamizi. Usiandike 'mpendwa', hampendani."

"Dada, barua ni yangu."

"Sawa, mwenye barua. Umeandika nini mpaka sasa?"

"Tarehe."

Mama Pindo, kwenye cherehani, alitia kichwa ndani ya sketi ili asionekane akicheka. Alikuwa amebakiza zipu kumi na moja na mwenye sketi alishapita mara mbili.

Mumewe alikwenda polepole. Aliandika neno, akalifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyepesi, akaandika jingine. Aliandika kwamba ameitumikia kazi ya tanuri kwa miaka kumi na tisa. Aliandika kwamba hajawahi kuunguza zamu nzima ila mara moja, na kwamba mara hiyo umeme ulikatika. Wifi alisema hilo la umeme litolewe, yeye akasema libaki. Lilibaki. Kisha akaandika kwamba anaomba, kwa muda, awekwe upande wa kufunga mikate kwenye mifuko, wakati wa mchana, mbali na moto.

Hapo akakwama.

"Sasa sababu," alisema wifi, safari hii bila mzaha.

Penseli ilikaa juu ya karatasi. Mumewe alimwangalia mkewe. Mama Pindo aliutoa mguu kwenye kanyagio, akageuka akamtazama, lakini hakumsaidia neno, kwa sababu neno hilo lilikuwa lake.

"Kwa sababu," aliandika mumewe. Akaangalia. Kope zake zilikuwa zimeanza kushuka; usiku uliopita alilala kwa vipande, ubavu huu na ule, na kila alipoamka alijikuta anasikiliza. Kichwa kilimwendea mbele, akakirudisha.

"Nitaimalizia kesho," alisema.

"Kesho utasema kesho," alisema dada yake.

"Kesho asubuhi. Nikiwa na akili." Aliisukuma karatasi kuelekea kwa mkewe, kama mtu anayetoa kitu kikahifadhiwe. "Fundi, iweke mahali nitakapoiona. Usiniruhusu nile kabla sijaiona."

Mama Pindo aliichukua. Aliisoma kutoka tarehe mpaka yale maneno mawili ya mwisho, akaiweka katikati ya meza, akailaza rula juu yake isipeperuke. Mumewe alikwenda kulala na mlango akauacha wazi. Wifi alivuta kiti mpaka kizingitini, akavua saa yake ya mkono na kuiweka mapajani, akatafuta penseli.

"Wewe endelea na zipu zako," alimwambia. "Zamu hii nahesabu mimi."

Mama Pindo alitia uzi mweusi, akavuta sketi iliyofuata.